Chumba Kinachokula Sauti

Nyenje ndio walionifahamisha. Tulikuwa bado tunaishi Shume, kwenye nyumba ya mbao ya kiwanda cha serikali cha kupasua magogo, na jioni moja mume wangu alikaa barazani akasema siku hizi nyenje wamekwisha, dawa za viazi zimewamaliza wote. Nikacheka, nikidhani ananitania kama kawaida yake. Nyenje walikuwa wanapiga kelele mpaka masikio yanawasha. Nilipomtazama usoni nikaona hatanii. Nikaendelea kumenya viazi.

Lazima nieleze kazi yake, maana bila hiyo mtu atasema mwanamke huyu anahangaika na wadudu. Mume wangu alikuwa fundi wa misumeno. Ile misumeno ya duara, mipana kama meza ya watu wanne, yeye ndiye aliyeinoa na kuinyoosha, na kila asubuhi kabla msumeno haujafungwa kwenye mashine aliutundika kwenye ndoano, akaugonga kwa nyundo ndogo, akasikiliza. Msumeno mzima huimba, sauti yake ikaenda mbali na kukawia kufa. Wenye ufa hukata sauti mapema. Ufa wenyewe mara nyingi huuoni kwa macho, ni mwembamba kama unywele, lakini msumeno wa namna hiyo ukizungushwa kwa kasi hupasuka, na vipande vyake havichagui mtu. Nilimwona mmoja aliyepitiwa na kipande, Shume hukohuko, na sitaki kueleza zaidi ya hapo.

Kwa hiyo palikuwa na desturi. Nyundo ile haikuguswa na mtu mwingine. Wasukuma magogo walisimama pembeni, mikono nyuma, mpaka amalize. Kisha mmoja wao huuliza, "Unaimba, fundi?" Naye hujibu, "Unaimba." Hapo ndipo wanaposogea kwenye mashine. Wanaume wazima, wenye wake na watoto, waliweka roho zao juu ya neno moja la mume wangu, na mume wangu aliliweka neno hilo juu ya masikio yake. Na masikio yake yalikuwa hayawasikii nyenje.

Nilijidanganya, sikatai. Nilijiambia nyenje wana kasauti kadogo, kembamba, na msumeno ni chuma kikubwa, haviwezi kuwa kitu kimoja. Nilikuwa na sababu ya kutaka kuamini hivyo. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mashirika ya umma yanauzwa moja baada ya jingine, na kiwanda chetu kikafungwa. Watu walipewa barua na mkono wa kwaheri, tukaambiwa tuhame nyumba. Walioachishwa walirudi kwenye kabichi na karoti zao. Mume wangu peke yake ndiye aliyeitwa kabla hajamaliza kufunga mizigo. Mtu mmoja binafsi alikuwa amenunua mashine zile za zamani na kuzipeleka Magamba, na mashine bila fundi wa misumeno ni chuma chakavu. Watoto wetu wawili walikuwa sekondari za bweni, na ada za shule wakati ule zilikuwa zimeanza kuuma. Ningesema nini? Nimwambie huyo tajiri kwamba fundi wake hasikii nyenje?

Tukapanga nyumba Lushoto mjini, na mimi nikapata nafasi ya kuweka cherehani yangu kwenye baraza la duka la mzee mmoja aliyeuza redio. Mzee huyo alikuwa Mwislamu wa kofia safi, mpole, mtu wa kupima maneno. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo naye akaitikia marahaba mwanangu, habari ya fundi. Duka lake miaka ya nyuma lilikuwa na betri na taa za chemli tu. Sasa lilijaa mpaka dari: redio za Dubai, kaseti, maspika ya kila umbo, mengine mapya, mengine mitumba ya Ulaya.

Basi hapo ndipo yalipoanzia mambo ya spika.

Mume wangu alikuwa na ugonjwa mmoja tu, muziki. Amplifaya yake aliinunua kwa mzungu wa misitu aliyekuwa anarudi kwao, na maboksi ya spika aliyatengeneza mwenyewe, mbao nene, kila boksi linanifika kiunoni. Katika sebule ya Shume, ile ya sakafu ya mbao, kuta za mbao na dari ya juu, maboksi yale yalikuwa mahali pake. Ukiweka kwaya utadhani wanakwaya wamekaa na wewe. Tulipoyaleta Lushoto yakajaza chumba kama majeneza mawili yaliyosimamishwa, na nilimwambia hivyo, akachukia. Sebule mpya ilikuwa ndogo, sakafu ya sementi, kuta za sementi, dari ya hadibodi iliyokuwa karibu na kichwa. Besi ilijirundika kwenye kona ikawa inavuma tu. Vikombe vilitembea kabatini. Jirani alikuja kuuliza kwa adabu kama tunatwanga.

Alihangaika nayo wiki mbili. Alitundika blanketi ukutani. Akaweka matofali chini ya maboksi, akayatoa, akayasogeza kwa kipimo cha futikamba. Mimi nikirudi nimechoka nakuta kochi liko mlangoni. Mwisho akakubali kwamba maboksi yale ni ya chumba kikubwa na hapa panataka spika ndogo. Hilo lilikuwa kweli, hata mimi nililisikia. Lakini akaongeza jambo la pili, na hilo la pili ndilo lililonifanya nikose usingizi.

"Hiki chumba kinakula sauti," alisema. "Besi kinaiacha, sauti za juu kinazila zote."

Yule mzee wa duka alikuwa mwungwana. Alisema spika huwezi kuichagulia dukani, lazima ikae katika chumba kitakachoishi nayo, kwa hiyo fundi achukue jozi moja, akae nayo siku kadhaa, isipomfaa arudishe. Nikazibeba mwenyewe kwenye kanga. Zilikuwa nyeusi, za plastiki, zinang'aa, na zilipowashwa nilitamani kutoka nje. Zilichoma. Kila "s" ya mwimbaji ilikuwa kama mafuta ya kukaangia. Mume wangu alikaa kwenye kiti chake, mikono magotini, akasikiliza nyimbo mbili nzima.

"Bubu," akasema. "Hizi spika ni bubu."

Jozi ya pili ilikuwa mtumba, maboksi madogo ya mbao, mazuri kwa macho. Hapo alitoa kaseti yetu wenyewe, kwaya ya kanisa letu la Shume, aliyoirekodi mwaka mmoja kabla hatujahama. Mimi nimeimba sauti ya kwanza humo. Nilikuwa nasimama mbele kabisa, na bila majivuno, nilikuwa nasikika. Akaicheza mara moja, akairudisha nyuma, akaicheza tena, amekunja uso.

"Wewe uko wapi humu?"

"Niko hapo. Ndiyo mimi huyo anayepanda."

"Nakusikia kama uko nje ya dirisha," alisema. "Naisikia sauti ya nne vizuri. Wewe umekwisha. Chumba hiki kimekula hata mke wangu."

Alikuwa anafanya utani, na mimi nilicheka kwa ajili yake. Alitoa mapazia. Akaviringisha mkeka akauweka jikoni, kwa sababu vitambaa hunywa sauti, alisema, na kweli hunywa, yeye alijua mambo hayo kuliko mimi. Chumba kikabaki kitupu, kinalia kama tangi. Mimi nikikohoa sauti inanirudia. Yeye bado alikuwa anatafuta sauti za juu kwenye kona, ameinama, ameweka sikio karibu na ukuta. Nikawa na hasira naye ambayo sikuwa na haki nayo. Nilitaka atambue mwenyewe. Nilitaka spika zimwambie, ukuta umwambie, mtu yeyote amwambie isipokuwa mimi. Na kila asubuhi, ukungu ukiwa bado haujaachia barabara, alipanda lori la mbao kwenda Magamba.

Jozi ya tatu mzee aliileta mwenyewe, Ijumaa baada ya sala, siku ambayo mashine ya Magamba ilikuwa imesimama kwa matengenezo. Nadhani alishaanza kushuku. Alivua viatu mlangoni, akakisifia chumba, akaunganisha nyaya, akaweka kaseti ileile ya kwaya. Mume wangu akaenda kwenye kiti chake. Zilikuwa spika nzuri, hazina makuu, za kadiri ya chumba kile. Besi ilikaa chini imetulia na sauti zetu zikapanda juu yake. Nilijisikia mimi mwenyewe, wazi, nikiwa mdogo kidogo wa umri, na machozi yalinilengalenga.

Yule mzee alipita nyuma ya maboksi kama mtu anayekaza skrubu. Ghafla muziki ukafunikwa. Kwangu ilikuwa kama mtu ametupa godoro juu ya kwaya. Sauti ya kwanza yote ikapotea, ikabaki mvumo wa wanaume. Nilimtazama mume wangu. Mguu wake ulikuwa bado unapiga mdundo, uleule, na uso wake haukubadilika hata kidogo.

"Umefanyaje hapo?" akauliza baadaye, alipoona mzee anainuka.

"Nimegusa nyaya kidogo. Unaonaje?"

"Hizi afadhali. Hizi nazichukua."

Nilimsindikiza mzee mpaka barabarani. Tulipofika kwenye kijito akaongea bila kunitazama.

"Mwanangu, chumba cha sementi hakili sauti. Chumba cha sementi kinaitupa sauti usoni mwako. Nilikuwa nimechomoa waya za twita zote mbili, zile spika ndogo za juu. Nilikuwa nazo mkononi."

"Nilisikia," nikasema.

"Kazi yake si ile ya kugonga misumeno?"

"Ndiyo, baba."

"Nani mwingine anajua?"

Nikamwambia hakuna. Akatikisa kichwa polepole. "Mimi ni muuza spika," alisema. "Kumwambia mtu habari ya mwili wake si kazi yangu, ana mkewe. Lakini kuanzia leo usiseme hujui." Akaenda zake, akashika njia ya kuelekea sokoni, kofia yake nyeupe ikionekana mpaka kwenye kona.

Nilirudi nimepiga moyo konde kwamba ninasema leo. Nikamkuta amepiga magoti, anazipanga spika zake mpya, anasogeza moja kwa upana wa kiganja, anarudi kitini, anasikiliza, anasogeza tena. Alikuwa na furaha ya mtoto. Alirudisha mapazia, akarudisha mkeka, akasema sasa chumba kimekubali. Nilifungua mdomo nikaufumba. Nilimpenda sana mtu yule, na niliona kwamba nikisema neno moja naua vitu viwili kwa pamoja, kazi yake na kiti chake. Nikaenda jikoni. Mwoga ana sababu nyingi nzuri, nami nilizitumia zote.

Wiki iliyofuata mvua haikukatika. Siku ya Alhamisi alirudi ana habari, akanisimulia tukiwa tunakula, kwa sauti ya mtu anayesimulia kichekesho. Msumeno umeng'oka jino ukiwa katikati ya gogo. Limeruka, limekwenda kujichimbia kwenye nguzo ya banda, usawa wa kichwa cha mtu. Wamejaribu kulichomoa kwa koleo limekataa.

"Nani alikuwa hapo kwenye nguzo?" nikauliza.

"Hakuumia mtu, aliyekuwapo alikuwa ameinama kuokota kofia. Chuma cha siku hizi hicho. Kila kitu ruksa, mpaka uchafu unaletwa."

"Msumeno huo uliugonga asubuhi?"

Akanishangaa. "Niliugonga. Uliimba."

Niliweka tonge chini. Alisema "uliimba" kama alivyosema nyenje wamekwisha, bila shaka yoyote, na mimi nikaona mtu aliyeinama kuokota kofia na mtu ambaye kesho hatainama. Kisha nikaosha vyombo.

Kesho yake sikufungua cherehani. Alipoondoka na lori, nikajifunga kanga mbili kwa ajili ya baridi nikapanda Magamba kwa miguu. Ni mwendo, na njia ilikuwa utelezi, lakini mlima haukunichosha. Kilichonichosha ni kusikia mashine kutoka mbali, kabla hata sijaona banda, ule mlio wake unaopanda gogo linapoingia. Kila ulipopanda nilisimama. Kila uliposhuka nilitembea.

Msimamizi wa pale alikuwa kijana aliyefundishwa kazi na mume wangu mwenyewe kule Shume. Aliniamkia, akaniuliza kama watoto wako salama, maana mwanamke hapandi huku asubuhi bila msiba. Nikamwaga yote: nyenje, kwaya, waya mkononi mwa mzee. Nilisema haraka ili nisipate nafasi ya kujizuia. Akakaa juu ya gogo, akatazama viatu vyake.

"Mama, una hakika?"

"Zima mashine," nikasema.

Akaizima. Kimya kilichoingia pale sitakisahau, maji tu yanadondoka kwenye mabati. Akaagiza misumeno mitatu itundikwe nyuma ya rundo la mbao, miwili mizima na mmoja uliokwisha kutupwa kwa sababu una ufa. Wasukuma magogo wakasimama pembeni, mikono nyuma kama desturi. Mume wangu alitoka kwenye kibanda chake cha kunolea, akaniona mimi kwanza, kisha akaona nyundo yake iko mkononi mwa kijana.

"Kwa nini unashika hiyo?"

"Shikamoo, fundi," kijana alisema, ingawa walishaamkiana asubuhi. "Nakuomba unisaidie jambo. Nitagonga mitatu, wewe ukiwa upande huu. Nitajie wenye ufa."

Aligonga wa kwanza, ukaimba. Aligonga wa pili, na hata mimi mshona nguo nilisikia, ulikuwa kama kugonga sufuria yenye ugali ndani. Aligonga wa tatu, ukaimba ukaenda mpaka msituni. Mume wangu alisimama ameinamisha kichwa. Alichukua muda mrefu.

"Wa tatu," akasema.

Hakuna aliyecheka wala aliyesogea. Kijana akasema, "Narudia, fundi," akarudia kwa mpangilio uleule, na mume wangu akasema tena wa tatu, lakini safari hii aliwatazama wanaume wale usoni kabla hajasema, mmoja mmoja, akitafuta jibu machoni mwao. Alilipata. Hakuitaka nyundo tena. Alivua aproni yake ya ngozi akaitundika kwenye msumari.

Kisha kijana akafungua msumeno uliokuwa kwenye mashine, ule uliokuwa ukizunguka tangu asubuhi, akautundika, akaugonga. Ulitoa sauti ile ya sufuria. Mtu mmoja alikaa chini kwenye vumbi la mbao. Walikuwa wanaume saba pale, na mume wangu, na wote walikuwa wamepita mbele ya msumeno ule siku ile mara nyingi.

Tulishuka kwa miguu. Yeye mbele, mimi nyuma, katikati ya barabara ya msituni. Njia nzima nilikuwa naandaa majibu. Nilijua ataniuliza kwa nini nimemwaibisha mbele ya watu, kwa nini sikumwambia nyumbani, faraghani, kama mke. Nilikuwa na jibu la kila swali. Nilikuwa hata nimeanza kukasirika mapema.

Penye kona moja alisimama, akageuka, akanitazama mdomo.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu hatujahama."

Akahesabu miezi. Nilimwona anaihesabu.

"Mimi sikujua, Mama," alisema. "Wale watu walikuwa wananiuliza kila siku, nami nawajibu nilichosikia. Mimi sikujua. Wewe ulijua, na kila asubuhi ukanichemshia chai, ukanifungulia mlango niende."

Nilimwambia anisamehe. Lakini alikuwa ameshanipa mgongo, anateremka, na hakusikia.